Kwa nini mizinga ya ndege ya Il-40 ilizima injini zake yenyewe?

Wengi wakielezwa kwamba injini za ndege hii ya Kisovieti zilizimika kila ilipofyatua mizinga, hudhani moshi wa baruti uliukosesha moto oksijeni. Moshi una mchango wake, lakini kinachoangusha injini ya jeti namna hii hasa ni joto.

Il-40 ilibuniwa na ofisi ya Ilyushin kushambulia vifaru na majeshi ya ardhini, ichukue nafasi ya Il-10 ya propela. Vladimir Kokkinaki aliirusha kwa mara ya kwanza Machi 1953, ikiwa na injini mbili na mizinga sita ya milimita 23 puani.

Ndani ya injini, mbele kabisa, kuna kompresa: safu za mapanga yanayosukuma hewa kwenda kwenye shinikizo kubwa zaidi. Ni kama kusukuma mkokoteni mlimani. Wote wakikaza, unapanda. Wa upande mmoja wakilegea ghafla, unarudi na kuwasukuma wote chini. Mizinga ilipolia, gesi ya moto iliingia kwenye matundu ya hewa yaliyokuwa nyuma yake. Hewa moto ni nyepesi, na mapanga yanayokutana nayo hayapati cha kushika. Hewa iliyokwisha kubanwa inarudi mbele kwa kishindo, mtiririko unakatika, moto unazimika. Juu ya hayo, mwako wa mizinga ulimtia rubani kiwi.

Dawa waliyoipata inanifurahisha hadi leo: matundu ya hewa yakarefushwa hadi ncha ya pua, mizinga ikahamishiwa tumboni, nyuma ya gurudumu la mbele. Sasa injini zilivuta hewa safi mbele ya moshi. Il-40P, yenye sura hiyo mpya, iliruka Februari 1955 na tatizo likaisha.

Kwa hiyo si kweli kwamba mizinga ndiyo iliyoiua. Ndege 40 zilikwisha kuagizwa, na tano za kwanza zilikuwa tayari kiwandani Rostov-on-Don, mradi ulipofutwa Aprili 1956. Moscow iliamua kwamba katika zama za silaha za nyuklia kikosi cha ndege za aina hiyo hakihitajiki, kikavunjwa. Haja ilirudi baadaye: Su-25, ndege nyingine ya Kisovieti ya kazi hiyo hiyo, iliruka 1975, na Il-102, iliyotokana na Il-40, ikaruka 1982 ikiwa imechelewa mno kuishinda.