Bingwa wa ligi ya tatu Ujerumani si lazima apande daraja

Kila msimu mpya ukikaribia kule Ujerumani, wengi tunaamini anayemaliza namba moja kwenye 3. Liga, ligi ya tatu ya soka, anapanda moja kwa moja kwenda 2. Bundesliga, yaani daraja la pili. Mara nyingi inakuwa hivyo kweli, timu ziko 20, mechi 38, wawili wa juu wanapanda na wa tatu anacheza mtoano wa mechi mbili na yule wa 16 wa daraja la pili. Ila kuna kipengele: timu za pili za klabu kubwa, zile zenye II mwisho wa jina, zinaruhusiwa kucheza ligi ya tatu lakini kupanda haziruhusiwi. Msimu wa 2019/20 ilitokea kabisa, timu moja kati ya hizo za II ikabeba ubingwa ikabaki palepale, wakapanda wa pili na wa tatu, na mtoano akapewa wa nne, yani wa nne jamani! Ukitaka kuhakikisha mwenyewe fungua msimamo wa msimu huo uone jina la aliye juu, halafu mtafute kwenye orodha ya 2. Bundesliga 2020/21, humwoni. Kwa hiyo msimu unaokuja kabla hujaanza kupiga hesabu za nani anapanda, cheki kwanza majina yenye hiyo II.