Picha za mkanda nazo zilichakachuliwa

Kila nikienda harusini na kamera yangu ya zamani, hakosekani mzee wa kunisifu: "Hiyo ndiyo picha ya kweli, si hizi za kompyuta." Namshukuru, ila hapo amekosea.

Mimi kazi niliijulia chumba cha giza, enzi za nyeusi na nyeupe. Karatasi ya picha huwa nyeusi kadiri inavyopigwa na mwanga. Basi uso wa bibi harusi ukielekea kutoka mweusi mno, wakati wa kuchapa niliukinga na mwanga kwa kikaratasi kigumu kilichofungwa kwenye waya. Sekunde mbili tatu tu, ukatakata. Anga likiwa jeupe sana, nililiongezea mwanga likakolea. Chunusi je? Fundi aliyenifunza alichonga penseli kama sindano, akazifuta moja moja juu ya negativu, yaani ule mkanda uliosafishwa, ambao weupe huonekana mweusi na weusi mweupe. Wateja walidhani wamezaliwa hivyo!

Na hayo ni ya harusini. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, alipigwa picha akiwa kando ya Stalin penye mfereji. Alipouawa mwaka 1940, alifutwa pichani, pakabaki maji matupu. Kompyuta ilikuwa wapi?

Mkanda wa picha 36 ulinifundisha kutobonyeza ovyo, hilo sikatai. Tena negativu hubaki, ukishuku chapisho unalilinganisha nayo. Lakini hata kamera ya dijitali, ukiipangia, huhifadhi faili ghafi, yaani picha kabla haijarekebishwa, la kulinganishia. Mzee huwa hanielewi nikifika hapo, anadai pilau linapoa.