Je, kundi kubwa la jirani hudhoofisha amini ya aromatiki daima?

Wanafunzi wengi wa kemia huamini kwamba kundi kubwa linapokaa kando ya kundi la amini kwenye pete ya benzini, hupunguza nguvu ya besi kwa kuizuia protoni isiifikie naitrojeni. Msingi wa dhana hiyo unaeleweka: pKa (kipimo ambacho kikiwa juu, besi ina nguvu zaidi) ya ioni ya anilini, amini sahili ya pete ya benzini, iliyopokea protoni ni takriban 4.6, ilhali ya orto-toluidini, yenye metili (kundi la CH3) jirani, ni takriban 4.4. Hata hivyo, protoni ni ndogo mno kuzuiwa kwa urahisi. Kinachotatizika zaidi ni maji kuizunguka ioni hiyo na kuituliza.

Jambo la kuvutia zaidi huonekana kwenye N,N-dimethilanilini, yaani anilini yenye metili mbili kwenye naitrojeni. Metili nyingine ikiwekwa nafasi ya orto, yaani kando ya kundi la amini kwenye pete, husukumana na metili mbili za naitrojeni, kundi la amini hujipinda kutoka kwenye bapa la pete, na jozi ya elektroni iliyokuwa ikishirikiana na pete hubaki zaidi kwa naitrojeni. Hivyo pKa hupanda kutoka takriban 5.1 hadi karibu 6.

Anayetaka kuhakiki alinganishe majedwali ya pKa yaliyopimwa katika maji kwa nyuzi 25, akianza na para-toluidini, yenye takriban 5.1, ambayo metili yake iko mbali na naitrojeni.