Bakteria sugu nae anapewa rufaa

Watu wengi wakisikia bakteria sugu wa hospitali wanawaza uchafu tu, sakafu haijapigwa deki, mashuka hayajabadilishwa, basi. Uchafu unachangia kweli, ila huyu anaeitwa MRSA, yaani bakteria stafilokokasi aliyeshindikana kwa dawa ya methisilini pamoja na karibu ukoo mzima wa penisilini, anasafiri zaidi na binadamu mwenyewe, na hasa yule anaehamishwa hospitali hii kwenda ile.

Stafilokokasi wa kawaida tunae wengi, karibu mtu mmoja kati ya watatu anatembea nae puani na wala hana habari. Humo puani hana shida na mtu. Shida ni akipata pa kuingilia, kidonda cha operesheni, sindano ya dripu iliyokaa mkononi siku nyingi, mpira wa mkojo. Akiingia kwenye damu sio mchezo tena, na huyu sugu ana jeni inaitwa mecA inayompa protini tofauti ya kujengea ukuta wake, kwahiyo dawa inakuja kumshika haipati pa kushika. Unabaki na dawa kama vankomaisini ambayo kwa ugonjwa wa kwenye damu lazima ipite kwenye mshipa, mgonjwa alazwe. Na hakuchelewa: methisilini ilitoka 1959, mwaka 1961 Uingereza wakaripoti sugu wa kwanza.

Sasa anahamaje? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichukua sampuli zaidi ya 80 za aina moja ya MRSA iliyosumbua sana hospitali za Uingereza, wakasoma DNA zote. Bakteria akizaliana anakosea herufi moja moja za hiyo DNA na watoto wanarithi yale makosa, kwahiyo ukilinganisha unaona nani katoka kwa nani. Ikaonekana hospitali kubwa za miji kama London na Glasgow ndio inaelekea zilikuwa chimbuko, za mikoani zikapokea, na njia yenyewe ni wagonjwa wa rufaa.

Ukifikiria inaeleweka kabisa. Hospitali kubwa inapokea mahututi kutoka kila kona, wanakaa muda mrefu, wana mipira na dripu, wanapigwa antibiotiki kila siku, halafu mtu akipata nafuu anarudishwa hospitali ya kwao amalizie matibabu. Huku kwao wanampokea kwa furaha, mgonjwa wetu karudi, analazwa wodi ya wote kitanda cha katikati, na ile karatasi aliyokuja nayo imeandikwa ugonjwa, operesheni, dawa, ila kama alipimwa puani au la mara nyingi hakuna hata mstari, na hapo ndipo mimi naona pana uzembe.

Mfanyakazi nae yumo. Kwenye wodi ya watoto wachanga pale Cambridge, Uingereza, mwaka 2011 maambukizi ya MRSA yalikatika, wodi ikasafishwa kabisa, siku 64 kimya, ghafla mtoto mwingine akakutwa nae. Wakapima wafanyakazi 154, akapatikana mmoja amembeba, mzima wa afya, DNA ikaonyesha ni ukoo uleule. Mtu wa hivyo halaumiwi, anapewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani na sabuni ya klorheksidini, siku kama tano hivi.

Anazuilika lakini. Uholanzi mgonjwa aliyetoka kulazwa nchi nyingine anawekwa chumba chake peke yake mpaka majibu ya swabu, kile kijiti cha pamba cha kumpima puani, yatoke, na wamebaki na MRSA kidogo sana miaka yote. Uingereza walilazimisha kila hospitali iripoti, wakakazania kuosha mikono na kupima wagonjwa, na maambukizi ya damu yakashuka kutoka zaidi ya 7,000 mwaka 2003/04 mpaka chini ya 2,000 mwaka 2009/10.

Kwahiyo ukiwa na mgonjwa wako anahamishwa, hata kama ni kutoka hospitali ya kanda kurudi wilayani, mwambie nesi wa mapokezi mapema alilazwa wapi na muda gani, uliza kama kuna majibu ya swabu yaandikwe kwenye barua ya rufaa, na kila siku uliza ule mpira wa mkojo bado unahitajika au wameusahau tu. Kuosha mikono ni ukiingia na ukitoka, na kitanda cha jirani usikikalie hata kama stuli zimeisha.