Dirisha la Overton ni kitu gani hasa?

Siku hizi kila mjadala wa siasa mtandaoni lazima atokee mtu aseme "dirisha la Overton limesogea", halafu ukimuuliza maana yake anakuzungusha. Iko hivi. Kwenye jambo lolote la siasa mawazo yapo mengi, ila ni machache tu ambayo mwanasiasa anaweza kuyasema hadharani na bado akapigiwa kura, na hayo machache ndo yamo ndani ya dirisha. Yaliyo nje yanaitwa ya wendawazimu, hata kama ni ya haki kabisa.

Mwenye wazo ni Joseph Overton, Mmarekani aliyekuwa Mackinac Center kule Michigan miaka ya 1990, taasisi ya watu wa soko huria, yaani sisi wa mrengo wa kushoto tumeliazima kwa wapinzani wetu. Alitengeneza kipeperushi chenye kikadi cha kutelezesha, ukikisogeza unaona sera zipi zinaingia dirishani na zipi zinatoka. Alifariki 2003, jina lake likabaki kwenye dirisha.

Sasa wengi wanadhani wanasiasa ndo wanasogeza, na mimi hapo nakataa. Novemba 2012 wafanyakazi kama 200 wa migahawa ya burger na kuku New York waliacha kazi wakaingia barabarani wakidai dola 15 kwa saa, wakati kima cha chini pale kilikuwa dola 7.25, yaani walitaka zaidi ya mara mbili, na watu wakaona ni ndoto ya mchana. Kufika 2014 jiji la Seattle likapitisha dola 15, Aprili 2016 California na New York nazo zikasaini sheria za kufika huko kidogo kidogo. Wauza chipsi ndo walianza, wakubwa wakafuata nyuma!

Ila linasogea upande mbaya pia na hili linaniumiza. Desemba 2015 Donald Trump, bado mgombea tu, alitaka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani, mpaka vigogo wa chama chake wakamkemea. Vituo vya TV vikaligeuza mada, huyu anaunga mkono yule anapinga, kana kwamba ubaguzi ni swali la kawaida lenye pande mbili, na Januari 2017 akasaini amri ya kuzuia raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi. Ukikubali tu kuliweka mezani kama mjadala, ushalifungulia.

Halafu tusichanganye kitu kuzungumzika na kitu kuwa sheria. Zile dola 15 leo hazimshangazi mtu, ila kima cha taifa zima la Marekani kimekwama kwenye 7.25 tangu 2009, na Machi 2021 Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, alipojaribu kuziingiza Seneti akapigwa kura 58 kwa 42, na Wademokrati kadhaa, yaani watu wa upande wake mwenyewe, walikuwa humo humo kwenye hizo 58 za kukataa.