Tiki za bluu sio kipimo cha mapenzi, naombeni tuelewane

Kazi yangu ni ushauri wa ndoa na mahusiano, na siku hizi sehemu kubwa ya ugomvi unaoletwa mezani kwangu hauhusu hela wala wakwe wala mchepuko, unahusu simu. Mtu anakuja na skrinishoti kazipanga kama wakili anaenda mahakamani. Anafungua ya kwanza, anaikuza kwa vidole viwili, "unaona hapa? Kasoma saa tatu na dakika kumi na mbili usiku, kajibu saa tano kasoro", halafu ananiangalia kana kwamba kesi imeshaisha na mimi kazi yangu ni kugonga nyundo tu. Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo kwa hiyo naliandika.

"Kasoma, hajajibu, basi hanijali"

Hapa tutakaa muda mrefu maana ndipo panaponimaliza.

Tuanze na tiki yenyewe, watu wanaipa cheo ambacho haina. Tiki moja ya kijivu meseji imetoka kwako ikafika kwenye seva. Mbili za kijivu imefika kwenye simu yake. Mbili za bluu, ambazo WhatsApp waliziweka Novemba 2014, maana yake chati yenu ilikuwa imefunguliwa na meseji ikawa hapo. Basi, hakuna zaidi. Haikwambii nani kaishika simu, haikwambii kama kaisoma mpaka mwisho, haikwambii kama wakati huo kabeba mtoto mkono mmoja au bosi kasimama nyuma yake. Na kama chati yenu ndiyo aliyoiacha wazi kwenye kompyuta, meseji inaweza kugeuka bluu yenyewe hata chumbani hayupo.

Kinyume chake pia kipo. Anaweza kuisoma meseji yako kwenye notifikesheni juu ya skrini asiiguse chati, wewe ukabaki na kijivu chako unajifariji hajaiona. Au kazima tiki za bluu kwenye setingi, ambapo naye haoni za kwenu (kwenye grupu hata hivyo hazizimiki, na voisi ukiisikiliza aliyeituma ataona tu). Tiki moja nayo watu wameshaitolea hukumu, "kaniblok huyu". Inawezekana, ndiyo, ila inawezekana pia simu imezima, bando limeisha au yupo sehemu mtandao haushiki, na tiki yenyewe haikwambii ni lipi kati ya hayo. Na akionekana yupo onlaini maana yake programu iko wazi mbele yake na intaneti ipo, haina maana anachati na mtu, sembuse huyo mtu unayemuwaza wewe. Tangu 2022 mtu anaweza hata kuuficha huo uonlaini, kwa hiyo wewe unayekesha unamlinda unaweza kuwa unalinda mlango ambao mwenzio hautumii.

Mfano mmoja wa aina ninayokutana nayo sana. Mke katuma "leo utachelewa?" Bluu. Kimya. Mume aliisoma akiwa kwenye foleni ya kulipia kitu, akasema moyoni "sichelewi", zamu yake ikafika, simu ikarudi mfukoni, kichwani kwake alishajibu. Na kweli siku hiyo akawahi kurudi, akakuta mtu kanuna. Hajui kosa lake, anaogopa kuuliza asije akaamsha kubwa zaidi, naye akanuna. Wiki nzima watu wawili wazima kochi moja, kila mmoja anasubiri mwenzie aanze, na swali lenyewe lilikuwa la kuchelewa na mtu hakuchelewa!

Sasa kwa nini kimya cha meseji kinauma hivyo? Kwa sababu masikio yetu yamezoea kitu kingine. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, wakapima mtu akimaliza swali mwenzie anachukua muda gani kuanza kujibu, wastani ukawa kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Hivyo ndivyo tunavyoongea. Ndio maana ukimwambia mtu usoni "unanipenda?" akakaa kimya sekunde mbili tu, moyo unalipuka, na mara nyingi hukosei, uso kwa uso kuchelewa kujibu kunasema kitu. Shida ni kwamba kipimo hicho hicho tunakibeba tunakipeleka kwenye meseji, kitu ambacho tangu mwanzo kimetengenezwa mtu akikute akipata nafasi. Kimya cha meseji kina sababu tele na mtu aliyeumia huchagua ile moja inayomuumiza zaidi, halafu anaiita ushahidi.

Lingine linaloongeza moto ni kwamba maandishi hayana sauti na kila mtu anadhani ya kwake yanayo. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao waliwapa watu sentensi, nyingine za kweli nyingine za kejeli, wazitume kwa barua pepe au wazisome kwa sauti. Watumaji walitegemea wenzao watajua ipi ni kejeli karibu mara 78 kwa 100, njia yoyote ile. Kwa sauti wasikilizaji wakapatia 73. Kwa barua pepe 56, hapo mtu ni kama anabahatisha. Unaona ilivyo? Wewe ukiandika "sawa" unaisikia sauti yako mwenyewe ikisema sawa ya amani, mwenzio anaisoma kwa sauti ya hali aliyonayo yeye muda huo, na kama ana njaa na kachoka, hiyo sawa yako imeshakuwa tusi. Na kuna wanaoniletea nukta! "Huwa anaandika sawa, juzi kaandika sawa na nukta." Nimekaa na watu wenye kazi zao na watoto tunajadili nukta, kumbe simu yenyewe mtu akigusa kitufe cha nafasi mara mbili inaiweka yenyewe.

Ushauri wangu wateja wangu wanaujua mpaka wanauimba: meseji ikikuuma usiijibu kwa meseji, PIGA. Na kitu chochote chenye "kwa nini" ndani yake kisipite kwenye maandishi. Hapo ndipo ninapoletewa visingizio, oh nitamsumbua, oh itakuwa soni, oh bora niandike nijipange. Mwaka 2021 Amit Kumar na huyo huyo Epley waliwaambia watu wawatafute marafiki waliopoteana nao siku nyingi, wengine kwa simu wengine kwa barua pepe. Kabla ya hapo wengi waliona barua pepe ndiyo salama, kupiga kungekuwa na soni. Waliopangiwa kupiga wakajikuta wamesogeleana zaidi na wale marafiki, na soni ile waliyoiogopa haikuzidi ya walioandika. Kwenye sehemu nyingine ya utafiti huo sauti tupu ilifanya kazi karibu sawa na video, kwa hiyo usiniambie hujachana nywele.

Na asije mtu akasema nimehalalisha kukaushiana. Mtu ambaye hajibu, hapokei, hapigi, mkikutana macho yanakimbilia pembeni na hali hiyo imedumu, huyo kashakwambia na huhitaji mshauri. Lakini hapo umesoma mwenendo wake wote, na hata asingekuwa na WhatsApp ungeujua.

"Kama huna cha kuficha nipe paswedi"

Hili la pili kwa kunipandisha presha. Kwanza halifanyi kazi hata kwa anayelitaka. Tangu 2017 meseji za WhatsApp zinafutika pande zote mbili, kwa hiyo simu safi haithibitishi kitu, na anayekagua anajua, ndiyo maana akikuta hakuna kitu hatulii, anasema "kafuta". Sijawahi kuona mtu aliyepekua simu ya mwenzie akakosa kitu akalala usingizi, kesho yake anaanza kuuliza kwa nini huyu namba yake haina jina.

Pili, ndani ya hiyo simu kuna siri za watu ambao hawajafunga ndoa na wewe. Mdogo wake kamweleza ugonjwa wake, rafiki yake kamlilia mambo ya nyumbani kwake. Wao nani kawauliza? Wawili wakikubaliana kwa hiari kila mtu ajue namba ya kufungulia ya mwenzie ikitokea dharura, mimi sina neno, wengi wanaishi hivyo na wala hawafunguliani. Ila paswedi inayodaiwa kwa vitisho, na ile ya kutumiwa lokesheni kila baada ya saa na picha ya mahali ulipo, huo ni udhibiti, na ukiona mtu anaanza hivyo mapema kabisa kwenye mahusiano usisubiri nikufafanulie.

"Maneno ni asilimia 7 tu, 93 ni mwili na sauti"

Hii inasemwa hata na wanafani wenzangu kwenye semina, kwa slaidi kabisa. Inatoka kwa Albert Mehrabian, majaribio ya 1967, ambapo watu walisikilizishwa neno moja moja kwa sauti tofauti au wakioneshwa na picha za nyuso, waseme msemaji anapenda au hapendi. Mwenyewe alishaeleza kwamba hesabu ile ni ya hisia na mtazamo pale maneno na sauti vinapopingana, hakuzungumzia mawasiliano yote. Sauti ina uzito nimesema hapo juu, ila mkeo akikwambia "niletee dawa ile ya kikohozi" asilimia 93 ya dawa hiyo haipo usoni kwake.

Mengine nayapitia haraka. "Mapenzi ya mbali hayawezekani", wanaosema hivyo mara nyingi ni ndugu na marafiki, wala sio wapenzi wenyewe. Crystal Jiang na Jeffrey Hancock walilinganisha wapenzi wanaoishi mbali na wanaoishi karibu, 2013, wa mbali wakaonekana wana ukaribu sawa au hata kuwazidi, maana wakipatana hewani wanaongea vitu vya maana zaidi, wanafunguka zaidi, na kweli pia wanamremba mwenzao kuliko alivyo. Ninachokiona mimi mezani ni kwamba wanaokwama ni wale wasio na jibu la swali "tutakaa pamoja lini", na hilo simu haiwezi kuwajibia.

"Mitandao ndiyo imetuletea upweke." Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walifuatilia familia za Pittsburgh zilizopewa kompyuta na intaneti, wakakuta waliotumia zaidi wanaongezeka upweke kidogo, magazeti yakaishikia bango. Walipowarudia watu wale wale baadaye, matokeo ya 2002, yale madhara yalikuwa yamepotea kwa sehemu kubwa, na hilo halikushikiwa bango na mtu. Halafu 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wakachambua data za vijana wengi sana, matumizi ya hivi vifaa yakaeleza sio zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Hiyo ni picha ya wastani, wapo watoto wanaoumizwa kweli kweli na kinachowapata mtandaoni, wasaidieni. Lakini mzazi anayeniambia simu imemharibu mwanangu hatuongei, namuuliza kabla ya simu mlikuwa mnaongea nini, na hapo huwa panapoa. Simu isilale chumbani hata hivyo, ya mtoto na yako, chaja ikae sebuleni, hilo sibishani na mtu.

Marafiki elfu tano wa Facebook sina haja ya kuwaeleza, elfu tano ni kikomo walichoweka wenye kampuni. Jeffrey Hall alikadiria 2018 kwamba mtu anahitaji kama saa 50 za kuwa na mwenzie mpaka waitane marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 mpaka awe rafiki wa ndani. Piga hesabu mwenyewe una saa ngapi.

Na la mwisho, maana limeanza kuletwa na wale niliowaambia wapige simu: "mbona nilimtumia voisi, si ni sauti ile ile". Sio ile ile. Kwenye simu ukisema neno baya unasikia mwenzio kavuta pumzi, unarekebisha pale pale kabla halijakaa. Kwenye voisi unaendelea tu, hakuna wa kukukatisha, hasira inajichochea yenyewe mpaka dakika ya saba, halafu mwenzio anaisikiliza mara tatu na kuisambaza kwa dada zake. Nitumieni za dakika moja za kuniuliza miadi, hizo nyingine mimi sizifungui.