Mwanga Ukishaingia Jichoni Hupitia Wapi?

Nina kisukari. Kliniki hapa Kisumu wameniambia damu inavuja kwenye retina. Retina ndiyo nini?

Ni utando mwembamba, usiofika nusu milimita, uliotanda ndani ya jicho upande wa nyuma. Hapo ndipo mwanga hugeuzwa kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo.

Kwa hiyo mwanga ukigusa retina, tayari tumeona?

Bado, na hili linanistaajabisha hadi leo. Seli zinazohisi mwanga zimejipanga nyuma kabisa ya utando huo. Mwanga hupenya kwanza nyuzi za neva, mishipa midogo ya damu na seli za kupokezana ishara, ndipo ufikie seli za fimbo, zinazotusaidia gizani, na seli za koni, zinazotambua rangi. Kisha ishara zinarudi mbele kulikotoka mwanga! Ndivyo lilivyo jicho la mtu, la ng'ombe, na la samaki mbuta pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Pweza hana mpangilio huu. Seli zake zimeelekea mwanga moja kwa moja.

Mbona basi hatuoni ukungu?

Tabaka za mbele zinapitisha mwanga vizuri. Tena kuna seli za Müller, zinazokatiza retina kutoka mbele hadi karibu na fimbo na koni. Mwaka 2007 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba zinaongoza mwanga kama nyaya za faiba za intaneti. Na pale katikati tunapotumia kusoma, tabaka za mbele zimesogea pembeni.

Damu ikivuja je?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ile midogo hudhoofika. Inavuja maji, retina inavimba. Inavuja damu, mwanga unazibiwa njia. Mwanzoni huumwi wala huoni tofauti, ndiyo maana nasisitiza: mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anasoma SMS bila miwani. Utatiwa dawa ya kupanua mboni, kwa hiyo usijiendeshee pikipiki kurudi nyumbani. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mwanga wa leza au sindano za jicho huokoa uwezo wa kuona.

Dalili gani hazingoji?

Vidoa vyeusi vingi vya ghafla, mimweko ya mwanga, au kivuli kama pazia upande mmoja. Huenda retina inabanduka. Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo.